Kichungi cha Shosho

Jumamosi nilikuwa harusini hapa Nakuru mjini, bwana harusi Mkalenjin, bibi harusi Mkikuyu, na emsii wa sherehe akageuza kila neno kwa lugha zote mbili bila kukwama. Watu walicheka sana. Mimi nilikaa nikikumbuka siku harusi ya shangazi yangu ilipotaka kuvunjika. Sijui kama nitaieleza vizuri, maana nilikuwa na miaka minane hivi.

Wageni walitoka upande wa Salgaa wakaja kwetu Gilgil kumposa shangazi. Nyanya ya bwana harusi, gogo, alikuwa amepakata kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kama mtoto mchanga. Alijua Kikalenjin tu. Nyanya yangu mimi, shosho, alijua Kikuyu tu. Akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akaingia nacho jikoni, akamimina kidogo, akaona unga mweusi unaelea. Akadhani ni uchafu wa safari. "Tusiwaaibishe," akaninong'oneza. Nikashika kichungi cha chai, akachuja yote ndani ya jagi mpaka maziwa yakawa meupe pe. Nisimseme vibaya, alifanya kwa heshima.

Sebuleni gogo alitazama kikombe, akakiweka chini. Watu wake wote wakaweka vyao.

"Maziwa yetu mmepeleka wapi?" akauliza mzee wao, polepole.

"Si ndiyo hayo, mzee," akajibu mjomba wangu.

"Hayo si yetu. Kama hamtutaki, semeni."

Wali ukaanza kunuka kuungua na hakuna aliyeinuka. Nyuma ya pazia, shangazi akachungulia.

Gogo akaja jikoni mwenyewe, macho yakatua kwa kichungi, halafu kwangu. Nikamnyooshea shosho kidole. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ukweli au woga.

Hakugomba. Alitoa kijiti mekoni, bado kinafuka, akakiingiza kibuyuni, akasugua, akazungusha, akamtazama shosho, akarudia. Shosho akajiziba mdomo kwa leso: kumbe ule weusi ni masizi wanayoyatia makusudi. Kisha akakwangua masizi yote kichungini kwa kidole chake, akayarudisha ndani ya jagi, akakoroga, akanywa wa kwanza. Gogo akamfuta midomo, akasema maneno marefu kwa lugha yake. Shosho akamjibu kwa yake. Wakarudi sebuleni wameshika jagi moja.

Wote wawili tumeshawazika. Shangazi huwaambia watoto wake kwamba harusi yake iliokolewa na wazee wa sebuleni, nami sitaki kuwanyima haki yao, wangeweza kuondoka na hawakuondoka. Lakini tulioona ya jikoni tulikuwa watatu, na nimebaki mimi, niliyemnyooshea shosho wangu kidole.