Kupatana na Asiyeuza Kitu

Duka langu lipo Majengo, Sumbawanga. Nauza simu zilizotumika, chaja, na kompyuta ambazo wenyewe wamezichoka. Kuna sheria moja ya kazi hii ambayo sikufundishwa na mtu, niliiokota sokoni: ukikitaka kitu, usikitazame. Shika cha pembeni yake, ulizia hicho, piga miayo, halafu jicho lako likiangukie kile ulichokijia kana kwamba ni bahati mbaya.

Ndivyo nilivyoipata printa ya nukta nundu ya dada yangu, ile inayochapa maandishi ya kusomwa kwa vidole. Ofisi moja ilikuwa inafunga na kutoa vitu vyake stoo. Nilipatana kabati la chuma saa nzima, nikalikosoa milango na miguu, mpaka wakaniongezea ile printa ili niondoke. Kabati sikuwa na shida nalo hata kidogo.

Dada yangu haoni. Anafundisha watoto wasioona katika shule ya msingi upande wa Kate, wilaya ya jirani. Ni watoto sita. Niliwahesabu mara mbili, maana mara ya kwanza mmoja alikuwa nyuma ya mlango. Kabla ya printa, mitihani yao aliitoboa mwenyewe kwa kibao na sindano, nukta moja moja, nakala sita, na alipofika nakala ya tano kiganja kilikuwa kimekakamaa. Printa ilipofika, karatasi zikaanza kutoka kwa kishindo cha mvua ya mawe juu ya bati. Watoto waliweka mikono juu ya mfuniko wake, wakicheka.

Kompyuta iliyoiendesha ilitumia programu huria, zile zinazotengenezwa na kutunzwa na watu wanaojitolea, mmoja huku mwingine kule duniani, nawe unazichukua bure. Neno bure hunitia wasiwasi. Hata hivyo miaka ilipita na hakuna aliyekuja kudai chochote.

Halafu radi ikapiga. Najua, watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga na radi katika sentensi moja wanaanza kutabasamu na kutaja uchawi. Hii ilikuwa radi ya kawaida ya masika, ikapita kwenye waya, ikaua kompyuta na kuiacha printa nzima. Nikatafuta kompyuta nyingine yenye tundu la waya wake mpana, ule wa pini ishirini na tano (ishirini na tano, nilirudia kuzihesabu), nikaipata kwa mshikaji mmoja Mbeya. Nikaweka toleo jipya la ile programu. Kwenye orodha ya printa, yetu haikuwemo. Toleo la zamani nalo likakataa kuitambua kompyuta mpya. Mtihani wa nusu muhula ulikuwa umebaki wiki tatu.

Nikasoma maelezo ya toleo. Walikuwa wameandika kwamba printa kadhaa za zamani zimeondolewa kwa kuwa watunzaji ni wachache, mashine zenyewe hawana, na walipouliza kama kuna anayezitumia, hakuna aliyejitokeza.

Swali lile nilikuwa nimeliona. Miaka miwili nyuma lilitokea kwenye jukwaa lao: nani bado anatumia printa hii? Nililisoma pale dukani, nikajiambia, hawa wananipima. Ukijibu haraka wanajua umebanwa. Nikanyamaza kama mnunuzi mzoefu. Wao wakahesabu waliojibu, wakapata sifuri.

Bado sikujifunza. Nikamwandikia mtunzaji wa sehemu ile kwa Kiingereza changu cha kuuzia chaja. Nilisema naulizia tu, sina haraka, kuna printa nyingine nazifikiria, ila kama wangeirudisha ile ya zamani ningeweza kuiangalia. Akajibu kwa adabu kwamba kama haihitajiki sana, basi ni afadhali ipumzike.

Nikapanda gari kwenda Kate kumpa dada habari. Nilimsalimia shikamoo, akaitika, nikamsomea barua zote mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti.

"Huyo mtu anauza nini?" akauliza.

"Hauzi kitu, dada. Anajitolea."

"Sasa wewe unapatana na nani?"

Nikaanza kuisoma upya barua yangu, nikitafuta bei.

"Andika," akasema. "Nakutajia, na usipunguze wala kuongeza."

Barua yake ilikuwa fupi. Alisema yeye ni mwalimu, haoni, ana wanafunzi sita, printa ni hiyo moja, na bila hiyo atarudia sindano, na vidole vyake si kama zamani. Alisema pia kwamba mdogo wake alinyamaza alipoulizwa, na anamwombea radhi. Hilo la mwisho nililiandika pia. Nilitazamwa na mtu asiyeona, nikaliandika.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Nililisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena.

Aliandika kwamba printa ile hajawahi kuiona. Aliirithi kazi kwa mtu aliyemtangulia, pamoja na kijitabu cha maelekezo na barua nne za watumiaji wa zamani. Kila toleo jipya lilipokuja, mambo mengine yalibadilika na kipande cha programu cha printa yetu kikavunjika, naye akakishona upya kwa kufuata kijitabu, Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi za nyumbani. Miaka tisa. "Nilidhani nafagia chumba ambacho mgeni alishahama," aliandika. "Je, inapiga kelele? Kijitabu hakisemi."

Miaka tisa. Nimeshughulika na watu wa kila namna, wanaouza kilicho chao na kisicho chao. Sikujua kuna mtu anayeweza kukaa mbali vile, akitengeneza mashine asiyoijua, kwa ajili ya mikono asiyoijua, bila hata kusikia ahsante. Na sisi tulikuwemo mle chumbani muda wote, tukila na kulala, kimya.

Mtunzaji akakirudisha kipande kile cha programu, akakituma tukijaribu. Kule Kate karatasi ya kwanza ilitoka, dada akaipitishia vidole. "Mstari wa tatu umeanzia katikati," akasema, "na hii nukta imezama." Nikaandika. Akarekebisha. Ya pili ilikuwa na kasoro moja. Ya tatu dada aliisoma yote kwa sauti, swali la kwanza mpaka la kumi, watoto wakaanza kujibu kabla hawajaambiwa. Nikapiga picha ile karatasi nikamtumia, pamoja na sauti ya printa ikifanya kazi. Akasema ameisikiliza akiwa amefumba macho.

Siyo kwamba mambo yamekwisha. Aliniambia wazi: itabaki maadamu kuna mtu wa kuijaribu kabla ya kila toleo. Siku tukinyamaza, au siku printa yenyewe ikifa, ataiondoa, na safari hiyo hatauliza mara mbili. Nikamwambia nitaijaribu. Sikuweka sharti.

Toleo lilipotoka, kwenye orodha, mbele ya jina la printa, palikuwa na maneno mapya: imejaribiwa, Sumbawanga, Tanzania. Orodha ile inakwenda kwenye kompyuta zisizohesabika, na nimejaribu kukadiria. Nikaenda Kate, nikauchapa mstari ule kwa nukta nundu, nikamkabidhi dada.

Aliupitia kwa kidole cha shahada, taratibu, akarudi mwanzo, akaupitia tena. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshikwa mkono kanisani na asiyemfahamu.

"Waandikie warekebishe," akasema hatimaye. "Printa iko Kate."