Siku Nilishusha Bwana Harusi kwa Ndoo

Wacha niwaambie mwenyewe hii aibu yangu, juu mkingoja mtu mwingine wa mtaa wetu wa Munyaka awaambie, ataongeza chumvi mpaka mshikwe na presha, na vile ilivyo tu inatosha kunifanya nihame Eldoret.

Mimi ni fundi wa radio. Shule niliwachia darasa la tano, lakini hii mikono yangu Mungu aliitengeneza Jumatatu asubuhi kabla achoke, radio iliyokufa ikiniona tu nikiingia inaanza kusoma habari. Sasa jirani yangu Mama Kiprop ako na kijana wake Canada, na huyo Kiprop aliwacha nyumbani laptop ya Linux (Linux ni kama roho ya kompyuta, zingine ziko na roho ingine, msiniulize zaidi, hata mimi niliambiwa). Kiprop akapendana na msichana wa Timboroa, ikafika siku ya koito, yaani siku wazee wa kijana wanaenda kwa kina msichana kumuomba rasmi, na yeye hangeweza kuja juu ya kazi. Na baba ya msichana, Mzee Kosgei, alikuwa amewarudisha mara mbili.

"Mimi sipeani msichana kwa picha," alisema. "Nataka kuona macho ya huyo kijana akinijibu. Na hii ndio mara ya mwisho."

Mama Kiprop akakuja kwangu na laptop kama mtu amebeba mtoto mgonjwa. "Fundi, utaweza hii?" Nikacheka. Tukaijaribu hapo kwake, Kiprop akatokea kwa kioo safi kabisa, tukasalimiana. Nikaifunga, nikaisukuma kwa begi langu katikati ya bisibisi na koleo, tukaenda.

Kule Timboroa baridi si ya binadamu, ni ya kuhifadhi nyama. Tukakaa kwa nyumba, wageni huku, wenyeji kule, chakula inanukia jikoni mpaka tumbo zinaongea, lakini sheria ni sheria, hakuna mtu anaonja hata tone ya mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, mpaka maneno iishe. Nikafungua laptop. Ikawaka. Nikatafuta Wi-Fi ya hiyo boma. Hakuna. Si ati iko chini, hapana, haipo, na simu ya kila mtu inaiona.

Ndugu ya msichana, Mwalimu Kibet, mtu mpole sana, akaniinamia, "Fundi, si tutumie tu simu yangu?"

Hapo ndio niliharibu. Ningesema ndio, tungekula saa hiyo hiyo. Lakini nikaangalia wazee wote na kofia zao, wote macho kwangu, nikajibu kwa sauti, "Wazee ishirini wachungulie simu moja kama wanaangalia kidonda? Laptop iko sawa. Shida ni haya mabati yenu, yanazuia network. Tutoke nje."

Wueh! Kwa koito, mzee akishakaa huwa hainuliwi, hata akikalia sisimizi anavumilia. Mimi mtu wa Bungoma sikujua hiyo. Wakabeba viti mpaka nje, kando ya viazi, upepo ukikata masikio. Network hakuna. Nikasema ni bonde.

"Bonde gani?" Shangazi wa msichana akauliza. "Fundi, hapa ukiruka kidogo unasalimia malaika!"

Wamama wakacheka. Na mimi nikichekwa akili inatoroka. Nikaona tangi ya maji juu ya mnara wa mbao, nikasema network iko huko juu. Nikapanda ngazi na laptop kwa kwapa (mnajua uzito yangu, mimi si mtu wa ngazi), na nikifika mwisho, kraa, miti mitatu ya ngazi ikavunjika, nikarukia mnara, na msumari ukashika suruali yangu huko nyuma ukairarua kutoka mfukoni mpaka mfukoni. Kijiji yote chini. Na juu, hakuna network.

Kibet akatuma mtu akaombe ngazi kwa majirani. Mama Kiprop sasa analia waziwazi. Mzee Kosgei akasimama, akachukua fimbo, akaambia wazee wake, "Basi. Mambo imeisha."

Nikaona huyo kijana anakosa bibi juu yangu. Nikampigia Kiprop simu ya kawaida, nikaweka loudspeaker, nikaungama mbele ya umati, "Kiprop, sijui kitu. Nisaidie."

"Fungua ile pahali nyeusi ya kuandika," akasema. "Andika rfkill list."

Herufi moja moja, mimi napiga kelele huko juu, Kibet ananirekebisha kutoka chini kama darasani. "L mbili, Fundi! Mbili!" Ikajibu. Nikasoma polepole, "Soft blocked, no. Hard blocked, yes."

Kiprop akasema, "Fundi, hiyo imefungwa na mkono. Pembeni ya laptop kuna swichi ndogo. Isukume."

Kuna swichi! Nafikiri koleo ndio iliisukuma kwa begi. Wazee wamebeba viti, ngazi imekufa, suruali imekufa, na shida ni kaswichi kama punje ya mchele. Nikaisukuma. Wi-Fi ikaingia, na uso wa Kiprop ukatokea na tai shingoni.

Lakini betri ilikuwa imebaki asilimia nne na ngazi haijafika. Nikapigia Mzee kelele, "Muulize sasa, mimi nitawaambia vile amejibu!"

"Wewe unaoa?" akanijibu. "Mimi tangu nisimame hapa nimeona suruali yako tu. Nataka macho."

Hapo tangini kulikuwa na ndoo na kamba. Nikaweka laptop ndani ya ndoo, wazi, nikaanza kuishusha pole pole, na watu wote wakainua vichwa, bwana harusi anashuka kutoka mbinguni akizunguka zunguka, "Chamgei! Chamgei!" kila upande anaosalimia.

Mzee Kosgei akashika ndoo na mikono mbili. Akamwangalia Kiprop. Kiprop akamwangalia.

"Huko unakula vizuri?" Mzee akauliza.

"Nakula, Mzee, lakini peke yangu."

Mzee akatingisha kichwa. "Basi tumekupatia." Na laptop ikazima.

Vigelegele ikapigwa mpaka ng'ombe zikakimbia, wote wakakimbilia ndani kula, na mimi wakanisahau huko juu na ile baridi, nashikilia suruali na mkono moja, nasikiliza vijiko.

Siku hizi mtu akiniletea kompyuta, kwanza naizungusha pande zote na kidole kama daktari, na kitu nisiyojua nasema sijui, tena kwa sauti. Na harusi wamenialika. Nimewaambia nitakuja mikono mitupu, nitakaa chini, na mtu akiniuliza mambo ya network, mimi ni mpishi.