Vidole vya Ogada

Kwa miaka ishirini Ogada alikuwa daktari wa magari pale Litein, na dawa yake ilikuwa bisibisi moja. Injini ikitetemeka, alizungusha skrubu ya kabureta huku akiitegea sikio, nayo ikatulia.

Mwaka wa tisini na saba, Mzee Arap Tanui akamletea gari kutoka Japani, alilonunua kwa bonasi ya majani chai. Likisimama, lilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Ogada akafungua boneti. Kabureta hakuna!

"Mshenzi wewe," akaliambia gari. "Sasa nikushike wapi?"

Alihangaika asubuhi nzima, akifuata paipu za petroli moja baada ya nyingine. Alipoibana kwa vidole ile ya mpira inayorudisha petroli kwenye tangi, injini ikatulia tuli. Basi ugonjwa akaujua: presha ilikuwa inatorokea humo. Lakini kidude cha kuishikilia hakikuuzwa Litein, wala Kericho, wala Kisumu alikopiga simu. Akaifunga paipu kwa waya. Gari likatoa moshi mweusi na kuzima. Akaulegeza waya, likatetemeka. Kipimo kilikuwa kwenye vidole vyake tu.

Alikuwa ameibana tena, akiwaza, Mzee alipofika na mkewe, wamevalia nguo za kanisani. Mzee akaisikiliza injini, akacheka kwa furaha.

"Fundi, si nilisema wewe ndio kiboko yao! Haya, funga boneti, tunaenda kuposea kijana wetu bibi."

Ogada akautazama mkono wake. Hakuthubutu kuutoa.