Redio Iliyozimwa Ilipojibu

Wadau, mshawahi kuona redio iliyozimwa ikipitisha ujumbe?

Mimi nimeona. Milima ya Bitterroot, Montana, kule Marekani. 

Naitwa Annika. Tulikuwa tunatengeneza redio za wazima moto wa msituni. Kule juu hakuna mnara, kwa hiyo redio zinapasiana ujumbe zenyewe kwa zenyewe mpaka ufike kambini.

Za zamani zikitafuta njia, kila moja inapigia kelele wenzake wote. Vurugu tupu, betri chali. Za kwetu tulizifundisha kumuuliza jirani aliye upande wa kambi tu.

Siku ya majaribio nilizima yangu, nikaitia mfukoni. Nafika kambini, skrini inasema redio yangu imepitisha ujumbe sasa hivi.

Heh!

Nikachukua kipimo cha mawimbi, kikanipeleka hadi kwenye pikapu ya bosi, Dokta Wendell Strand. Chini ya turubai kuna mtambo mkubwa, unajifanya redio zetu zote, hata ile yangu iliyozimwa.

Mwenyewe nilimkuta anatafuna mbavu za nguruwe, mchuzi unamtiririka kidevuni.

"Bosi, ule mtambo wa nini?"

"Bima," akasema, analamba vidole. "Wakubwa wa zimamoto wanakuja kesho. Unataka tuaibike?"

"Na kapteni Lorna akiingia motoni na kikosi chake, pikapu yako itawafuata?"

"Usiniharibie chakula, binti. Kaa ule."

Nilitema mate chini.

Kesho yake Lorna Gervais, kapteni wa kikosi, akapanda mlima na watu wake wakiwa na redio zetu. Wakubwa wameketi, Strand meno yote nje.

Nikaiendea pikapu. Nikang'oa waya wa umeme wa mtambo.

Nikasubiri ukimya, aumbuke mbele ya kila mtu.

Wapi! Ujumbe ukamiminika, tena kwa kasi kuliko mwanzo.

Kumbe mtambo ndio uliokuwa unatukaba. Redio zote zilikuwa zinaukimbilia kwa sababu una nguvu, foleni inajaa. Kazi yetu ilikuwa nzima. Bosi tu hakuiamini.

Nikawaeleza wote, waya mkononi. Mnadhani aliona haya? Thubutu! Akasimama, akanyoosha koti lake: "Si niliwaambia zinafanya kazi?"

Kinyaa nilichosikia, acha tu.

Lorna aliposhuka na kusimuliwa, akavua redio, akaiweka mezani.

"Nzuri sana hii," akasema. "Ila siendi nayo motoni."

"Kwa nini tena, kapteni?" Strand akauliza.

"Redio naiamini. Wewe ndiye nisiyekuamini. Nitajuaje umeficha nini kingine humo?"

Wakubwa wakainuka, wakaondoka bila hata kumpa mkono.

Kiangazi kile Lorna na kikosi chake walipanda kwenye moto na zile za zamani, za kupigiana kelele. Zetu, zenye uwezo wa kuwasaidia, zilibaki kwenye maboksi.

Ndugu zangu, msidhani uongo unaua kazi mbovu tu. Hata kazi nzuri unaizika, na wanaolipia ni watu ambao hawakudanganya.