Karafuu ya Jino la Mama

Kwetu Pemba karafuu si ya kuuza tu. Mama akitia mbili kwenye chai, tatu kwenye pilau, na konzi nzima kwenye sanduku ili mende wasile kanga zake. Tumbo likituvuruga, tukichemshiwa. Jino likiuma ndiyo kabisa: unaibana karafuu hapo hapo, fizi inakufa ganzi, unaendelea na kazi zako.

Basi msimu uliopita Mama alianza kulalamikia jino la nyuma. Tulikuwa tumekaa jamvini tunachambua karafuu, tunazitenga na makonyo, vile vijiti vyake, yeye akaokota moja akaibana. "Limetulia," akasema. Nikamtania: "Mama, unatafuna mtaji!" Wallahi nilicheka.

Ikawa kila siku. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akenda nazo mpaka maulidini. Nilipomwambia twende hospitali alinifokea: "Hospitali ya nini, na dawa imejaa uani?" Nami, mjinga mimi, nikamkubalia. Tena nikawa namsagia mwenyewe, nachanganya na mafuta ya nazi, nampaka kwa kidole changu hiki. Siku moja nikahisi kivimbe. Nikasema ni usaha huo, kitapasuka.

Hakikupasuka. Shavu lilipofura hata kinywa hakifunguki vizuri, ndipo tukaenda. Daktari aliuliza ameumwa tangu lini. Nikamwambia tangu msimu uliopita. Akaweka kalamu chini, akampima, na majibu yalipotoka akaniita nje peke yangu. Halikuwa jino, akasema. Ni saratani ya taya, na imeshashuka shingoni, hapana la kufanya. Karafuu ilizima maumivu, ugonjwa ukaendelea na safari yake. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, akanipa pole.

Sasa msimu mwingine umeingia. Uani kumeanikwa, harufu imejaa nyumba nzima, nami naichukia, jamani, naichukia! Mama hatafuni tena, anakunywa uji kwa mrija. Ndugu zangu wamesema tusimwambie. Nimekubali, kwa woga tu.

Jana alinishika mkono, akaonyesha uani. "Karafuu," akasema kwa shida. "Nipake, mwanangu. Mkono wako ndio hunituliza."

Nikaenda nikaisaga. Nikampaka kwa kidole kilekile, naye akafumba macho, akanishukuru.