Makovu ya Mwezi

Nakumbuka alasiri moja kule Isansa, mwanangu, mwezi umekwisha kuchomoza na jua bado halijazama, nami nimejitanda kanga hadi usoni. Nilikuwa nimetoka kuugua ndui. Uhai iliniachia, lakini uso iliutoboatoboa. Nikawaomba wazazi wangu warudishe mahari ya Lazaro, kijana aliyenichumbia, kabla hajaja kujionea mwenyewe.

Lazaro alikuwa mpagazi wa Mzungu mmoja mpimaji ardhi, aliyepiga kambi karibu na kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani. Alipopata habari alikuja, akaketi kizingitini. Kisha akaanza kunisimulia habari za mwezi. Alikuwa ameutazama kwa darubini ya bwana wake, akaukuta umejaa mashimo, mengine ndani ya mengine. Bwana alimwambia kwamba zama za kale, kabla ya mtu yeyote kuwapo, mawe kama lile la Mbozi, na mengine makubwa kama milima, yaliupiga. Hapa kwetu mvua hunyesha, majani huota, kovu la ardhi hufutika. Kule hakuna mvua wala upepo. Pigo la kale limebaki kama la jana. Hata yale madoa meusi ni mabonde mapana yaliyojaa mawe yaliyoyeyuka, yakapoa.

Nilisikiliza kama niliye ndotoni. Niliuona mwezi ukipigwa kimya kimya, miaka na miaka, pasipo wa kuulilia. Kisha nikaudhika.

“Mwezi hauendi kisimani, Lazaro. Mimi nakwenda, na watu wananitazama.”

Aliye kando haangukiwi na mti, mwanangu. Faraja ni nyepesi mdomoni mwa asiyeumwa. Nadhani Lazaro alilijua hilo, kwa maana hakunibishia. Aliinuka, akauchukua mtungi wa mama.

“Basi twende wote,” akasema.

Siku zile mwanamume kubeba maji kilikuwa kichekesho. Wanawake kisimani walimcheka yeye hata wakasahau kunitazama mimi, na mimi mwenyewe nikajikuta nacheka. Tuliporudi, kanga ilikuwa imeshuka mabegani. Mahari haikurudishwa.

Basi, mwanangu, mwenzio akipatwa na jambo, mpe neno jema kama unalo, ila usiishie hapo. Mshike mkono, upite naye mbele za watu. Mungu akujalie mtu wa kwenda nawe, na wewe akufanye mtu wa namna hiyo kwa wengine.