Masharti ya Sanduku la Kaseti

Nilipoanza kufundisha darasa la tatu pale Kaaga, upande wa Meru, nilipanga chumba karibu na mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake. Alikuwa na sanduku la mbao, yale ya kupakia majani chai, limejaa kaseti alizorekodi mwenyewe miaka na miaka: kwaya za kanisani, wanawake wakiimba huku wakipalilia, wazee wakieleza mashamba yalivyogawanywa. Mtu yeyote angeweza kuazima, bure. Ndani ya kifuniko alikuwa amebandika karatasi ya masharti, kwa ule mwandiko wa ubaoni:

Chukua, sikiliza, nakili, mpe mwenzako. Usiuze. Ukinakili, andika kwenye kadi jina lako na unakokaa. Ukiongeza kitu, sema ni wewe umeongeza. Kaseti ikikatika au ikifutika, tusilaumiane.

Mimi nilitoka Embu, kule chini kwenye ukame, na Kimeru changu kilikuwa cha kubahatisha. Mwalimu akaniazima kaseti ya marehemu mama yake.

"Ukimwelewa huyu," alisema, "hakuna mtoto wa Kaaga atakusumbua."

Mama yule alieleza jinsi alivyokuwa akitembea kwa miguu, angali msichana, kupeleka maharagwe sokoni Meru. Katikati ya habari alikohoa, akacheka, akafukuza kuku. Nilimsikiliza kila jioni nikipika, nikiyarudia maneno yake juu ya sufuria. Nilianza kumpenda mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Jumapili moja walikuwa wakisoma salamu redioni, na nilijua dada yangu ametuma kadi. Nilitaka kuihifadhi sauti ya mtangazaji akitaja jina langu. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi bila kuangalia ni kaseti gani iliyokuwa ndani, nikaiacha izunguke mpaka upande ukaisha. Niliporudisha nyuma kusikiliza, nilimsikia mtangazaji akiwasalimu watu wa Runyenjes pale pale mama alipokuwa akicheka.

Nilikaa kitandani mpaka wali ukaungua. Kisha nikaenda.

"Mwalimu, nimemfuta mama yako."

Alikuwa akimenya viazi. Akaweka kisu chini. "Kaseti nzima?"

"Upande mzima. Ule mwingine ulikuwa mtupu."

"Karatasi inasema tusilaumiane," alisema. "Na niliandika mwenyewe."

Lakini viazi hakuvigusa tena. Nikamuuliza, huku nalia, mbona hakuvunja vile vijino vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikivunjwa mtu hawezi kurekodi juu yake.

"Ningevunja, mwenye la kuongeza angeongezea wapi?"

Kwenye kadi ya kaseti ile kulikuwa na jina moja tu, la mwanamke wa Mitunguu aliyewahi kuinakili. Jumamosi nikashuka huko, nikauliza nyumba kwa nyumba. Nilimkuta katikati ya migomba, amevaa gambuti, akigeuza maji kwenye mfereji. Nilipomtajia kaseti, akashtuka.

"Ninayo. Lakini mwambie mwalimu anisamehe, niliichezea kidogo."

Tuliisikiliza tukiwa tumekaa kwenye gunia, jikoni kwake. Kicheko kilikuwepo, kikohozi kilikuwepo, hata kuku. Mama wa mwalimu alipomaliza, ikaingia sauti nyingine ya kikongwe, mavyaa wa mwenyeji wangu. Yeye naye aliwahi kuipita njia ile ile, tena pamoja na yule msichana. "Anadanganya," alisema kwenye kaseti. "Hayakuwa maharagwe. Zilikuwa mbaazi, na nusu tulizila njiani."

Jioni ile nilimwekea mwalimu kaseti. Aliposikia mama yake, alifunika uso kwa kiganja. Aliposikia ile sauti ya pili, kiganja kikashuka.

"Huyu ni nani anayembishia mama yangu?"

Nikamweleza.

"Yuko hai?"

"Yuko. Anakaa kule Mitunguu, nyuma ya jiko la mkwewe."

Akaanza kucheka, machozi yakimchuruzika, akaniomba nirudishe pale pa mbaazi. Nikarudisha mara tatu.

Jumatano, siku ya kazi, nilimwona akitoka amevaa koti la kanisani, amebeba mkate na sukari, akiwahi gari la Mitunguu. Hakurudi hadi Ijumaa. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuongea, na tangu siku hiyo, kila nilipomwita mama yake mtu wa maharagwe, alinirekebisha.